Siku Kadi ya Mama Salina Ilipokataliwa Chennai

Ninyi vijana mnaopitia kwangu hapa Kapseret mkielekea uwanja wa ndege, swali lenu ni lile lile. Mnaweka mizigo kwenye veranda, mnakunywa chai mkiwa mmesimama, halafu mmoja wenu anauliza, "Mama Rodah, kule tubebe dola ama kadi inatosha?" Wengine hata hamuulizi. Mnaniinulia simu tu na kusema, "Mama, pesa yote iko hapa," kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba. Mnajua nilikaa kwenye kaunta ya pesa za kigeni miaka ishirini na tisa pale mjini Eldoret, kwa hivyo mnatarajia jibu la neno moja.

Jibu la neno moja sina. Nina maswali, na nina kisa kimoja ambacho nimekuwa nikikikwepa. Leo nimeamua kukiandika kwa sababu mvua imekataa kuisha, ng'ombe wameshakamuliwa, na sina kisingizio kilichobaki.

Lakini kwanza mumjue Mzee Kamau, maana bila yeye ningefukuzwa kazi mwaka wa kwanza.

Mzee Kamau ndiye aliyekuwa mkubwa wa kaunta yetu. Wazazi wake walitoka Nyeri akiwa mdogo, wakafungua duka kule Soy, na yeye akakulia nyuma ya kaunta ya duka hilo akipima sukari. Alikuwa anasema kaunta ni kaunta tu, iwe ya sukari ama ya dola. Mimi nilitoka Bungoma na cheti changu na viatu vya kuazima, nikajiona najua hesabu kuliko yeye. Wiki ya kwanza aliniwekea noti kumi za dola mia mia, akaniambia nifumbe macho na kuzipapasa. "Moja ni ya uongo," akasema. Nilipapasa zote, nikachagua ya sita. Akacheka mpaka akatoa miwani. Zote zilikuwa halali. "Sasa umejua kitu kimoja," akaniambia. "Mtu akikutia wasiwasi, hata mkono wako unadanganya."

Alinifundisha tofauti ya dola za kichwa kidogo na za kichwa kikubwa. Zile za zamani, ambazo picha ya yule mtu ni ndogo, nchi nyingi hazizitaki hata kama ni halali kabisa. Noti iliyochorwa kalamu, iliyokunjwa mara nne, iliyochanika pembeni hata kidogo, hiyo utaipokea wewe kwa huruma lakini kule uendako hakuna mtu wa kukuhurumia. Na noti za mia na hamsini zinabadilishwa kwa bei nzuri kuliko za dola moja moja. Hayo yote bado ni kweli leo, andikeni.

Ila somo lake kubwa lilikuwa swali. Mteja akija, sisi wote tulikuwa tunauliza, "Unataka dola ngapi?" Mzee Kamau hakuuliza hivyo hata siku moja. Alikuwa anaegemea kaunta na kusema, "Ukishuka kwa ndege, mtu wa kwanza kukuomba pesa ni nani?" Mteja anafikiria. Ni dereva wa teksi? Ni mwenye hoteli? Ni karani wa chuo? "Na huyo mtu anapokea nini?" Mara nyingi mteja hakuwa na habari. Basi Mzee Kamau anamwambia aende akaulize kwanza, arudi kesho. Meneja alikuwa anakasirika kwa sababu biashara ilikuwa inatoka mlangoni. Lakini kesho yake yule mteja alirudi, tena na jirani yake.

Mimi nililisikia hilo swali kila siku. Kulisikia si kulishika.

Nilipoanza kazi, chombo cha heshima kilikuwa hundi ya msafiri. Hamkuikuta. Ilikuwa karatasi kama noti, unainunua benki, unatia sahihi juu ukiwa hapa, halafu ukifika ng'ambo unatia sahihi ya pili chini mbele ya yule anayekulipa, ili aone mkono ni mmoja. Ikiibwa unarudishiwa. Ilikuwa kitu kizuri sana, kwa mtu aliyeelezwa vizuri.

Alikuja mkimbiaji mmoja, mrefu, mpole, anaenda mbio zake za kwanza Ulaya. Nilimuuzia hundi kumi, nikamwambia, "Kila moja inataka sahihi mbili." Basi. Sikumwambia ya pili inatiwa lini. Kijana wa watu akakaa ndani ya ndege masaa manane bila la kufanya, akatoa kalamu, akatia zile sahihi kumi za chini zote, tena kwa mwandiko mzuri. Alipofika hakuna aliyemkubalia hata moja. Alikula mkate wa asubuhi wa hoteli siku tatu, mwingine akiuficha mfukoni kwa ajili ya jioni. Siku ya mbio alimaliza wa nne. Aliporudi alikuja kaunta, nikangoja matusi. Akasema, "Madam, wale watatu walinipita, lakini mimi peke yangu ndiye nilikuwa nakimbilia chakula."

Nilicheka. Mzee Kamau hakucheka. "Ulimpa ukweli nusu," akasema. "Huyu ana miguu. Atakuja mwingine hana."

Alikuja baada ya miaka mingi, na jina lake Salina.

Mama Salina alikuwa anatoka Cheptiret, mjane, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mtoto wake wa mwisho, Kimaru, alikuwa na miaka kumi na tisa na moyo wenye valvu mbovu. Kupanda ngazi tatu za benki yetu alipumzika mara mbili. Madaktari walikuwa wamewaelekeza hospitali moja Chennai, India. Kanisa lilifanya harambee, majirani wakachanga, Mama Salina akauza ng'ombe wanne kati ya sita. Pesa zote zilikuwa kwenye akaunti yake kwetu, na safari ilikuwa wiki iliyofuata.

Wakati huo kadi zilikuwa zimeanza kuzoeleka, na mimi nilikuwa nimerudi tu kutoka mafunzo ya Nairobi. Nilikuwa na beji. Nilikuwa na karatasi ya rangi ya kutangaza kadi, inayoonyesha mwanamke akitabasamu mbele ya mnara. Mama Salina aliniambia anataka dola, ashone kwenye nguo ya ndani. Nikamwonea huruma ya kijinga.

"Mama, dunia imebadilika," nikamwambia. "Usibebe noti. Utaibiwa. Chukua hii kadi, pesa yote inakaa hapa. Kule unaitoa tu, wanalipwa."

"Yote?"

"Yote."

Aliigeuza ile kadi kama anayetafuta mahali pa kufungulia. Kimaru akasema, "Mama, hii ni sawa. Watu wanatumia." Mama akakubali, si kwa sababu yangu, kwa sababu mtoto alikuwa amechoka kusimama.

Nikaanza kujaza fomu. Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni, ilikuwa mwisho wa mwezi. Nikafika mahali pa swali la usalama, lile ambalo benki inakuuliza kwa simu ili ijue ni wewe. "Jina la mama yako?"

"Gani? Ako na mengi," akasema. "Kuna la nyumbani, kuna la kanisa. Alibatizwa akiwa mzee."

"La kanisa ni lipi?"

"Maria."

Maria ni herufi tano. Nikaandika Maria, nikapiga muhuri, nikasema, "Anayefuata." Sikumwambia nimeandika lipi. Sikumwuliza hospitali inataka kulipwaje. Sikuangalia kiwango ambacho kadi ile inaruhusu kwa siku. Nilichofanya vizuri ni kimoja tu: nilimwandikia namba yangu ya simu nyuma ya risiti.

Walisafiri siku ya Jumatano. Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, tumefungua tu milango, simu yangu ikaita namba ndefu ya ajabu.

"Rodah." Sauti ilikuwa mbali lakini haikutetemeka. "Hapa wanasema mimi si mimi."

"Mama Salina? Nini imefanyika?"

"Hii kadi imekataa. Karani ameweka mara moja, mbili, tatu. Halafu imefungwa. Tumepiga ile namba iko nyuma, Kimaru ameongea, wakasema lazima niongee mimi. Wananiuliza jina ya mama yangu. Nimewaambia Tapkigen. Wanasema si huyo. Nimewaambia tena. Mara ya tatu yule msichana wa Nairobi ananiambia, pole mama, hatuwezi kukusaidia. Rodah, mama yangu ni nani?"

Nikaivuta faili yake: Maria.

Akaendelea kunieleza, pole pole, kama anayeeleza bei ya maziwa. Upasuaji ulikuwa umepangwa Jumatatu asubuhi. Hospitali ilitaka malipo ya kwanza yaingie kabla ya saa nane mchana, Jumamosi hiyo. Yasipoingia, nafasi inapewa mgonjwa mwingine na wao wanangoja zamu nyingine, labda wiki tatu. Na daktari alikuwa amemsikiliza Kimaru kifuani jana yake, akatoka nje ya chumba ndipo akaongea na Mama, Kimaru asisikie.

Saa ya kule inatangulia yetu kwa saa mbili na nusu. Saa nane yao ni saa tano na nusu yetu. Nilikuwa na saa mbili na nusu hivi.

"Mama, piga tena," nikasema. "Wakikuuliza, sema Maria."

"Maria? Hilo hata yeye mwenyewe alikuwa haliitikii."

"Najua, Mama. Sema hivyo."

Alipiga. Akanipigia tena baada ya dakika kumi. Baada ya kukosea mara tatu, mlango ule ulikuwa umefungwa. Hata jibu lililo kwenye fomu halikusaidia tena. Nairobi walitaka barua kutoka tawi letu, yenye sahihi ya meneja, ikieleza ni kwa nini mteja hakujua jina la mama yake.

Nilienda kwa meneja na faili mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma fomu, akaniangalia, akafunga mlango. "Tuandike mteja alisahau," akasema. "Ni mama wa mashambani, ana hofu ya mtoto, alichanganyikiwa. Hakuna atakayeuliza."

Nikashukuru. Nitawaambia ukweli, nilishukuru mpaka nikamwita baba. Nikaenda kwenye mashine, nikaanza kuchapa. Mteja alisahau. Mzee Kamau alikuwa kaunta yangu akihudumia foleni ya watu wangu pamoja na yake. Alipopita kuchukua karatasi, akasoma kwa juu ya bega langu.

"Nafula," akasema. Alikuwa ananiita Nafula, jina langu la nyumbani, tukiwa wawili tu. "Mteja aliyesahau, utaratibu unasemaje?"

Nilikuwa naujua. Mimi ndiye niliyerudi kutoka mafunzo. Mteja aliyesahau jibu lake anafika mwenyewe kwenye tawi na kitambulisho.

"Na kama kosa ni la benki?"

"Tawi linarekebisha siku hiyo hiyo."

Alichukua karatasi zake, akapiga hatua mbili, kisha akageuka. "Ukweli una riba, Nafula. Lipa mapema."

Nilifuta nilichokuwa nimeandika. Nikaandika kwamba mimi, kwa jina langu kamili na namba yangu ya kazi, nilijaza fomu bila kuthibitisha na mteja. Kwamba mteja alijibu sawa na alikataliwa kwa kosa langu. Na kwamba kadi ilikataa kwanza kwa sababu malipo yalizidi kiwango cha siku, ambacho sikumweleza wala sikuomba kiongezwe, ingawa nilijua anaenda kulipia hospitali. Nikampelekea meneja.

Alisoma mara mbili. "Ukishatuma hii, haitoki kwenye faili yako. Unajua?"

"Najua."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja. Lydia. Yuko darasa la sita."

Akakaa na kalamu hewani. Ukutani saa ilisema saa nne na dakika arobaini. Sijui alifikiria nini; labda na yeye alikuwa na mtoto mwenye miaka kumi na tisa mahali. Akatia sahihi. Nikatuma kwa faksi, nikapiga simu Nairobi, nikasimama na mkonga wa simu sikioni nikisikiliza muziki wao wa kungojea watu, ule usio na mwisho wala mwanzo. Kila aliyepokea alinipeleka kwa mwingine. Nilisema hadithi ile mara nne, na kila mara sehemu ya "ni mimi" ilitoka rahisi zaidi. Mtu wa nne, mwanamume mwenye kikohozi, akasema, "Naiona barua yako, madam. Ngoja." Nikangoja. "Nimefungua. Kiwango nimeinua kwa leo peke yake. Mwambie ajaribu sasa hivi."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na nane. Nilimpigia Mama Salina. Alipokea Kimaru, anahema. "Mama ameenda dirisha la malipo," akasema. "Amekataa kutoka hapo. Wamemwambia akae kwenye kiti, amekataa." Nikamwambia kadi imefunguka, ajaribu. Simu ikakatika.

Siku hiyo hawakunipigia tena. Mimi nikipiga, namba haipatikani. Nairobi wakasema pesa zimetoka, lakini kutoka ni kitu kimoja na kufika ni kingine. Jumapili nilikaa kanisani nimeshika simu kama mtu anayeshika mayai. Padri alisema tusimame, nikabaki nimekaa. Jumatatu asubuhi nilipewa barua ya onyo na kuambiwa nihame kaunta, niende chumba cha mafaili mpaka uchunguzi uishe. Nilibeba kikombe changu na sweta, nikashuka chini. Nilikubali. Kitu ambacho sikuweza kukubali ni kutojua.

Saa kumi jioni ndipo simu ilipoita.

"Rodah?" Nilijua kwa ile pumzi ya kwanza kwamba ni habari njema, lakini nilitaka kuisikia. "Ametoka. Amefungua macho. Anaomba chai, na hawa watu wanakataa kumpa."

Nilikaa chini katikati ya mafaili. Nilimwuliza mbona hakunipigia tangu Jumamosi. Akasema simu iliisha pesa, na yeye alikuwa na mtoto wa kuangalia. Ilikuwa sababu nzuri.

Walirudi baada ya wiki tano. Mama Salina alikuja benki akauliza kaunta, "Yuko wapi yule msichana wa Maria?" Mzee Kamau akamshusha mwenyewe kwenye chumba changu, akamtafutia kiti, akatuacha. Kimaru alikuwa amebaki nje kwenye ngazi. Baadaye niliambiwa alikuwa anazipanda na kuzishuka tu, kwa kufurahia.

Nilisimama. "Mama, naomba msamaha. Lile kosa lilikuwa langu."

"Najua," akasema. "Kimaru alinisomea ile barua. Walitutumia kopi." Akaniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni. "Wamekuweka huku kwa sababu yake?"

"Kwa muda tu."

Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia kitu ambacho ndicho nilichokusudia kuwaambia tangu mwanzo wa karatasi hii. Siku zile tatu kabla kadi haijafunguka walikuwa wamelala na kula vizuri, na teksi ya uwanja wa ndege walilipa, na amana ya chumba walilipa. Nikashangaa. Walilipa na nini?

Akagonga paja lake, mahali pa nguo ya ndani. "Nilishona dola mia nne."

"Lakini Mama, nilikwambia usibebe noti."

"Nilikusikia," akasema. "Kusikia si kukubali."

Tulicheka mpaka mtu wa stoo akaja kuangalia. Halafu akataka fomu. Aliniambia niandike upya jina la mama yake, yeye akisimama hapo. Nikaandika herufi moja moja, akiitamka na mimi nikiirudia, mpaka akaridhika. Akaniambia Tapkigen aliuza maziwa kando ya barabara miaka arobaini, hakuwahi kufika hata Nairobi. "Sasa jina lake limefika India," akasema, "na walilikataa kwanza."

Nilikaa chumba cha mafaili miezi minne. Niliporudi kaunta Mzee Kamau alikuwa amestaafu, na kiti chake kikawa changu. Ndipo nikaanza kuegemea kaunta na kuwauliza watu, ukishuka kwa ndege, mtu wa kwanza kukuomba pesa ni nani? Foleni ilirefuka. Meneja mpya alilalamika kama wa zamani.

Kwa hivyo, watoto wangu, ndiyo maana siwapi jibu la neno moja. Mnayoweza kunitoa kinywani ni haya. Usiweke uhai wako kwenye njia moja. Beba kadi mbili, tena zisikae mfuko mmoja, na noti kidogo safi za kukutosha siku tatu. Kabla hujaondoka waambie benki unaenda wapi na kwa muda gani, na uulize kiwango cha siku ni kiasi gani; ukijibiwa haraka, uliza tena. Laini yako ya Kenya usiiache kwa ndugu yako. Siku hizi benki inatuma namba ya siri kwa simu, na ndugu yako atakuwa shambani wakati wewe umesimama mbele ya mhudumu wa hoteli. Uwanja wa ndege badilisha pesa ya teksi tu, bei yao ni ya mtu aliyechoka. Ukitoa pesa kwa mashine, toa ya siku kadhaa mara moja, maana ada ni ile ile ukitoa kidogo ama nyingi. Na mashine ya kule itakuuliza kwa adabu kama ungependa kulipa kwa shilingi za Kenya. Kataa. Lipa kwa pesa ya nchi uliyomo. Hiyo adabu unailipia.

Na hiyo simu mnayoniinulia, ni nzuri, naipenda, hata mimi ninayo. Lakini inaisha chaji.

Sasa nimalizie na jambo la aibu kidogo. Miaka ishirini na tisa niliwaelekeza watu London, Dubai, Boston, na mimi mwenyewe mbali kabisa nilikowahi kufika ni ng'ambo ya mpaka wa Malaba kununua vitambaa. Pasipoti yangu ya kwanza niliipata nikiwa nimestaafu, kwa sababu Lydia, ambaye sasa ni muuguzi kule Leeds, Uingereza, alijifungua na kuniita.

Siku ya pili nilitoka peke yangu kwenda duka la karibu kumnunulia mjukuu soksi. Nilikuwa nimejipanga, kadi hapa, kadi pale, pauni chache ndani ya kitambaa. Nikachukua soksi za manjano, nikapanga foleni, nikaweka kadi juu ya mashine kama nilivyoonyeshwa. Mashine ikakataa kuguswa, ikataka namba ya siri. Na mimi, Rodah, niliyewaambia watu maelfu kwa maelfu wasisahau namba ya siri, nikasimama pale na kichwa kitupu. Nyuma yangu kulikuwa na watu sita ama saba. Nilisikia mmoja akihema.

Msichana wa kaunta alikuwa na nywele za rangi ya zambarau na pete puani. Aliniona nikihangaika. Akaondoa mkono wake kwenye mashine, akaegemea nyuma, akasema kwa Kiingereza chake cha kule, "Polepole tu, mpenzi. Hakuna haraka."

Hanijui wala simjui, na akaniita mpenzi. Nilifumba macho. Nikawaza watu wote niliowaambia "anayefuata" kabla hawajakunja risiti yao. Nikapumua, namba ikaja yenyewe, nikaibonyeza.

Nilipofika nje nililia kidogo, dakika moja tu, upepo ukiwa mkali. Kisha nikarudi kwa Lydia. Tulipomvisha mtoto zile soksi, zilikuwa kubwa, zilimfika magotini. Tukamwachia hivyo hivyo.